Mafunzo ya Mtoto Nyumbani: Maisha ya Sayyida Salme wa Unguja

Mwanachuo aingiapo darasa la kwanza kwa mara ya kwanza, maandalio ya somo mkononi na boksi la chaki kwapani, aghalabu hudhani kwamba yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa watoto walioketi mbele yake. Sivyo. Kila mmoja wao amekwisha kukaa miaka sita au saba katika shule nyingine, isiyo na kengele wala daftari la mahudhurio, nayo ni nyumba ya wazazi wake. Huko amefundishwa kusema, kusalimu, kuhesabu mbuzi na kuogopa giza. Pengine amefundishwa na kusoma. Mwalimu asiyejua kilichofundishwa nyumbani hujenga ukuta bila kuutazama msingi.

Jambo hili nalilitambua nyumbani kwangu, Lemara. Binti yetu alipokuwa na miaka mitano, mimi na mume wangu tuliamua kumfundisha kusoma kila jioni baada ya chakula. Haikupita miezi miwili mtoto akawa anausoma ukurasa mzima bila kukwama, nasi tukajisifu kwa majirani. Jioni moja mama mkwe wangu, aliyekuwa ameshuka kutoka milimani Meru na mkungu wake wa ndizi, aliketi karibu nasi akichambua maharage. Yeye hakupata kusoma hata siku moja. Aliinyosha mkono, akaweka kidole gumba juu ya neno moja la katikati ya ukurasa, akamwomba mjukuu wake amwambie neno lile lasemaje. Mtoto alinyamaza. Kisha akarudi juu kabisa ya ukurasa, akaanza kuimba tangu mwanzo ili alifikie. Ndipo tulipofahamu kwamba binti yetu hakuwa anasoma bali alikuwa amekariri. Mwenye stashahada ya elimu hakuliona jambo hilo, na bibi aliyekuwa akichambua maharage aliliona.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasimulia wanachuo wangu maisha ya mwanamke mmoja wa Unguja, ambaye alifundishwa nyumbani, akajifundisha mwenyewe nyumbani, na hatimaye akawa mama aliyewafundisha wanawe katika nchi ya ugeni. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, ambaye walimwengu wengi wamemjua kwa jina la Emily Ruete.

Nyumba iliyokuwa kama mji

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, ufukweni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, aliyeuhamishia Unguja utawala wake na kuifanya visiwa vya karafuu. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, akiwa safarini kutoka Maskati, aliacha watoto 36 walio hai.

Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkasi kutoka milima ya Kaukasi. Vita viliwaua wazazi wake, wanyang'anyi wakamteka yeye na ndugu zake na kuwatenganisha, wala hakuwaona tena. Alifika Unguja akiwa mtoto wa miaka saba au minane tu, akiwa ameuzwa. Hapa mwalimu atazame vizuri. Kwa kuwa Jilfidan alifika mdogo, alilelewa pamoja na mabinti wawili wa Sayyid Said waliokuwa rika lake, akafundishwa pamoja nao kushona na kusoma. Wenziwe wengi walioletwa katika jumba lile walifika wakiwa wasichana wakubwa, nao waliona haya kuketi mkekani na watoto wadogo. Hivyo wakabaki bila kusoma. Umri wa kuanza, na haya ya kuanza umechelewa, ndivyo vilivyotenga wenye kusoma na wasiosoma katika nyumba moja.

Elimu ile ndogo haikukaa bure. Jilfidan alijulikana kwa wema wake. Palipokuwa na mgonjwa katika jumba lile, alikwenda kumwuguza, na kitabu mkononi, akimsomea. Binti yake aliyaona hayo tangu utotoni, akakua akijua kwamba kitabu ni kitu cha kumpelekea mtu mwingine. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza la kusoma, nalo halikuwa na ubao wala chaki.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba nyumba ile ilisimama juu ya mabega ya watumwa. Elimu iliyopatikana humo ilipatikana katika dhuluma, na wengi walioubeba mzigo wa jumba lile hawakuonja elimu hiyo.

Mkeka na Msahafu

Watoto wa jumba waliingia chuoni wakiwa na miaka sita au saba. Chuo chenyewe kilikuwa humo humo nyumbani. Waliketi mkekani katika baraza iliyo wazi, wakubwa kwa wadogo, wakifundishwa na mwalimu mmoja mwanamke aliyetoka Oman. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho ni Msahafu. Waliojua herufi walisoma kwa pamoja na kwa sauti kuu, na waliokosea walilijua henzerani la mwalimu.

Kuhifadhi Kurani ni jambo tukufu kwa Mwislamu, wala si nia ya makala hii kulipunguzia heshima yake. Lakini Salme mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alikumbuka kwamba maana ya maneno waliyoyasoma haikuelezwa, na kwamba mtoto hakutazamiwa kuuliza. Waliofahamu walichokisoma walikuwa wachache. Hesabu ilikuwa kidogo tu, na habari za nchi, za mambo ya kale au za viumbe hazikuwamo kabisa. Tena palikuwa na ukuta mwingine. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, ilhali wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulihesabiwa kuwa kazi isiyomfaa mwanamke.

Mwanachuo asiharakishe kuwacheka wazee wale. Ni mara ngapi tumeingia darasani tukakuta watoto arobaini wakiimba silabi kwa furaha, tukaondoka tumeridhika bila kuweka kidole juu ya neno moja la katikati?

Mfupa wa bega la ngamia

Alipotimiza miaka saba, Salme alihama pamoja na mama yake, wakaenda kukaa mjini katika nyumba ya Watoro, iliyokuwa ya kaka yake Majid. Majid alimpenda sana mdogo wake huyu, akamfundisha kupanda farasi na kutumia silaha, mambo ambayo wasichana wengi wa nasaba yake hawakufundishwa. Mtoto aliyekwisha kuambiwa kwamba anaweza kumwongoza farasi hawezi kusadiki kwa urahisi kwamba hawezi kuiongoza kalamu.

Katika nyumba hiyo ndipo alipojifundisha kuandika kwa siri. Siku zile wanafunzi hawakutumia vibao vya mawe kama vilivyotumiwa Ulaya. Waliandika kwa wino juu ya mfupa mpana wa bega la ngamia uliosafishwa ukawa mweupe, kisha wakaufuta na kuanza upya. Salme alijipatia mfupa wa namna hiyo, akauweka Msahafu mbele yake, akawa anaiiga herufi moja baada ya nyingine. Hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Alikuwa na mfano mwema mbele ya macho, kifaa kinachofutika, na hamu.

Wanachuo wengi hulalamika kwamba shule walizopangiwa hazina zana. Nawaomba waufikirie mfupa huu. Ubora wake haukuwa katika thamani, maana ulikuwa ni mabaki ya jikoni. Ubora wake ulikuwa katika mambo matatu. Ulipatikana bila gharama, uliweza kutumiwa tena na tena, na ulimruhusu mwanafunzi kukosea bila aibu. Sisi tuishio chini ya Mlima Meru hatuna mifupa ya ngamia, lakini tuna mchanga wa Mto Themi, makaa, magunzi ya mahindi, mbegu za kahawa na maboksi matupu ya dukani. Kifaa chochote kilicho na sifa hizo tatu chatosha kumwanzisha mtoto kuandika.

Hata hivyo Salme alifika mahali ambapo mfupa haukutosha. Kuiga si kuandika, na ili mkono wake upate mwendo alihitaji mtu wa kumsomea maneno naye ayaandike, na wa kumsahihisha. Alimchagua mtumwa mmoja msomi wa nyumbani awe mwalimu wake. Habari ilipojulikana watu walimsema vibaya, lakini hakuacha. Tuyapime mambo haya. Mwanafunzi alikuwa binti wa mfalme asiyeruhusiwa kuandika, na mwalimu alikuwa mtu asiye na uhuru wa nafsi yake, lakini ndiye aliyekuwa na elimu. Kwa saa chache kalamu iliwakalisha pamoja. Mwanafunzi ndiye aliyeendelea mbele hata jina lake likaingia katika vitabu. La mwalimu halikuingia.

Kalamu isiyo na busara

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya ushindi mtupu, nayo isingetufaa sana. Mwaka 1856 baba alifariki, na Majid akawa mtawala wa Unguja. Mwaka 1859 ugonjwa wa kipindupindu ukamchukua mama yake. Salme akabaki yatima, mwenye mali, mwenye uwezo wa kuandika, na mwenye umri wa miaka kumi na mitano.

Mwaka huo huo kaka yake mwingine, Barghash, alikula njama za kumwondoa Majid. Dada yake mpenzi, Khole, alikuwa upande wa Barghash, akamvuta Salme. Wenye njama walihitaji barua ziandikwe kwa siri kwa wakubwa wa nchi, na katika wanawake wale mwenye kuweza kuandika alikuwa Salme. Ndipo binti yule, aliyejifundisha juu ya mfupa wa ngamia, akawa mwandishi wa njama dhidi ya kaka aliyemlea na kumfundisha kupanda farasi. Njama ilivunjika. Palitokea mapigano katika shamba la Marseilles, Waingereza wakamsaidia Majid, watu wakafa, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Salme alijuta. Baadaye alipatana na Majid, na kwa kupatana naye akaupoteza urafiki wa Khole na wa Barghash.

Hapa pana somo ambalo halimo katika muhtasari wowote. Salme alikuwa amepata ufundi wa kalamu, lakini ufundi ule aliupata mafichoni, kwa kuwa waliopaswa kumlea nao waliukataza. Hakuwapo mtu mzima wa kukaa naye na kumwuliza barua hii yamwendea nani, na itazaa nini. Elimu inayokatazwa haifi. Huendelea kukua gizani bila malezi. Mtoto wa leo anayejifundisha mambo kwa siri katika simu ya mzazi wake yumo katika hali ile ile. Kumnyang'anya simu hakutoshi, bali anahitaji mtu mzima wa kuketi naye.

Mama ugenini

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza, kwa kuwa alikuwa amependana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, na alikuwa na mimba. Huko Aden, tarehe 30 Mei, 1867, alibatizwa akaitwa Emily, akaolewa siku hiyo hiyo. Mtoto wao wa kwanza alifariki angali mchanga. Walikaa Hamburg, wakazaa Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe aliumia alipokuwa akishuka katika gari la reli lililokokotwa na farasi, akafariki baada ya siku chache. Mjane huyo alikuwa na miaka ishirini na mitano, na watoto watatu, mkubwa wa miaka miwili na mdogo wa miezi mitatu, katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa angali anajifunza.

Alihama mji hata mji akitafuta maisha yasiyo ya gharama kubwa, akafundisha Kiarabu ili apate riziki. Elimu iliyomletea lawama utotoni sasa ilikuwa chakula cha wanawe. Tena ilikuwa daraja, maana kwa kuwa alijua kuandika aliweza kupeleka habari zake Unguja kwa mkono wake mwenyewe, bila kumtegemea mwandishi.

Ujerumani ilikuwa na shule nyingi na nzuri. Lakini Salme alitambua kwamba palikuwa na somo moja ambalo hapana shule ya Kijerumani ingeweza kuwafundisha wanawe, nalo ni habari ya walikotoka. Watoto waliijua Hamburg. Mtoni hawakuijua. Naye afya yake ilikuwa imechoka, akahofu kwamba hataishi hata wawe wakubwa ili awasimulie kwa mdomo. Basi yapata mwaka 1877 alianza kuwaandikia habari za utoto wake, za jumba la Mtoni, chakula, mavazi, sikukuu, ndugu, mashamba ya karafuu, pamoja na mkeka wa chuo na mfupa wa ngamia. Aliyaandika kwa ajili ya watoto watatu tu. Mwaka 1886 maandishi hayo yalitolewa Berlin kuwa kitabu, yakatafsiriwa kwa lugha nyingine, na hata leo wanahistoria huyatumia.

Hakuwa mama wa pwani wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1858, Siyu katika kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, mgonjwa na mjane, alimtungia binti yake utendi wa wasia wenye beti zaidi ya mia moja, ambao hata leo wasomeshwa. Baadhi ya yaliyo katika wasia ule, hasa juu ya cheo cha mke mbele ya mume, twaweza kuyapinga. Lakini mama wawili hawa, bila kujuana, walitumia njia moja. Walipoona muda umewapungukia, walichagua yale ambayo mtu mwingine asingeweza kuwafundisha watoto wao.

Mwaka 1885 Salme aliwaleta wanawe Unguja. Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mtawala, alikataa kumwona. Jumba la Mtoni lilikuwa linabomoka. Lakini watoto waliliona, nao walikuwa wamekwisha kulisoma. Baadaye alikaa miaka mingi Shamu, akarudi Ujerumani, akafariki Jena tarehe 29 Februari, 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1929, mwanawe alitoa mjini London kitabu juu ya maisha ya Sayyid Said bin Sultan, babu ambaye hakupata kumwona. Mwalimu akitaka kupima kama somo la nyumbani lilimwingia mwanafunzi, hapana mtihani mkubwa kuliko huo.

Mafunzo kwa mwalimu

Kutokana na maisha haya, mwanachuo ayazingatie mambo manne.

Kwanza, nyumba haiwezi kuchukua mahali pa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka kila mzazi amwandikishe shuleni mtoto aliyetimiza miaka saba, na ilifanya vema. Salme alifundishwa katika nyumba tajiri kuliko zote Unguja, na bado palikuwa na somo alilonyimwa kwa sababu tu ya kuwa msichana. Shule ya umma yatuwezesha kumtazama kila mtoto kuwa mwanafunzi.

Pili, shule nayo haiwezi kuchukua mahali pa nyumba. Mzazi wa Lemara auzaye mboga sokoni, au nyanya wa Meru asiyejua herufi, ana elimu ambayo haimo vitabuni. Wiki ya kwanza ya muhula mwulize kila mtoto amefundishwa nini nyumbani, na nani. Yaandike majibu, uyatumie katika maandalio yako.

Tatu, mzazi akikuletea mtoto na kusema kwamba amekwisha kumfundisha kusoma, usimdharau wala usimsadiki upesi. Weka kidole juu ya neno la katikati. Mtoto akishindwa, mwoneshe mzazi kwa upole namna ya kuweka kidole hicho yeye mwenyewe. Umempata mwalimu msaidizi asiyedai mshahara.

Nne, mtoto akiuliza jambo, mjibu, au mtafute pamoja naye wa kumjibu. Usimwache alifuate peke yake gizani.

Binti yetu sasa anasoma darasa la tatu, na husoma kweli kweli. Jioni, baada ya kazi za shule, humfundisha bibi yake kuandika jina lake kwa kipande cha makaa juu ya boksi lililokunjuliwa. Bibi hukosea, hufuta kwa kiganja, huanza tena. Naye mjukuu, asipojua kwamba namtazama, humwekea kidole juu ya herufi ya katikati.